Njia za Ndani

Tanga, nilikokulia, baiskeli ilifungwa kwa sababu ya watoto, si kwa sababu ya wezi. Mtu akiiacha wazi nje ya msikiti, hutoka na kuambiwa imeonekana Barabara ya Kumi na Tatu, mtoto wa jirani kapenyeza mguu katikati ya fremu kwa kuwa kitini hafiki, anajifunza. Mji wenyewe ni tambarare, na mitaa ya Ngamiani imenyooka na kupewa namba badala ya majina, kuanzia Barabara ya Kwanza. Mwalimu alikuwa na baiskeli, muuza samaki alikuwa nayo, mkunga alikuwa nayo. Nyingi zilikuwa Phoenix nyeusi, na Swala zilizotengenezwa hapa hapa nchini, zikifanana kama mapacha, kwa hiyo kila mmoja aliipamba yake: utepe wa rangi kwenye spoku, pazia la mpira kwenye madigadi la nyuma, jina la mke kwa rangi nyeupe kwenye bomba la kati.

Madoido yale ndiyo yaliyokuwa ulinzi. Hukuweza kuipitisha baiskeli ya mtu mbele ya vibaraza vitano bila kuulizwa, "Wewe, na baiskeli ya shehe unakwenda nayo wapi?" Hata Raskazone, kwenye miti mikubwa na nyumba chache, nilipita usiku kumpelekea shangazi dawa bila kuwaza chochote zaidi ya mbwa. Njia ilikuwa kimya, lakini ilikuwa na wenyewe: wavuvi wanaokwenda zamu, mlinzi wa kila geti anayekujua wewe ni mtoto wa nani.

Nilihamia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilipanga chumba Sinza, kazi nikaipata Mikocheni, kwenye kiwanda cha uchapaji. Kwenye ramani ni mwendo mfupi. Barabarani ni habari nyingine: Sam Nujoma na Barabara ya Bagamoyo zilikuwa za daladala na malori, na mwendesha baiskeli alipewa ukingo wa mchanga tu, nao ulimwagiwa kokoto kila barabara zilipochimbwa. Tuliokuwa na baiskeli tukajifunza njia za ndani: nyuma ya nyumba, kando ya mifereji, uchochoro kwa uchochoro mpaka unatokea upande wa pili. Ndiyo hesabu ya mwendesha baiskeli wa Dar mpaka leo. Barabara kubwa unaogopa gari, njia ya ndani unaogopa mtu.

Mwaka ule wa kwanza walinipora. Ilikuwa kwenye kivuko cha mbao juu ya mfereji, mahali ambapo lazima ushuke, uinyanyue baiskeli begani na kutembea. Walikuwa wawili. Mmoja alishika hendeli, mwingine akashika karia, na aliyeshika hendeli akasema taratibu, "Kaka, tusisumbuane." Niliachia. Ningeachia hata leo, na kila kijana ninayemfundisha kuendesha namwambia aachie. Nilichobaki nacho ni elimu ya mahali. Kibaka hamfukuzi anayekwenda mbio. Humngoja pale njia yenyewe inapomshusha: kivuko, tuta kali, tope baada ya mvua, kona yenye lundo la takataka. Tangu hapo napima njia kwa idadi ya mahali nitakapolazimika kukanyaga chini, na umbali nauweka nyuma. Njia ndefu isiyonishusha ni salama kuliko ya mkato yenye vivuko viwili.

Kuhusu kufuli, mwalimu wangu alikuwa fundi mmoja mzee aliyekaa chini ya mwarobaini pale Sinza, na beseni la maji la kutafutia tundu kwenye tyubu. Zilipoanza kujaa baiskeli za mtumba kutoka Japani, zenye ile kufuli ya duara inayokaba gurudumu la nyuma, watu walifurahi: unabonyeza, unachomoa ufunguo, umemaliza. Mzee hakufurahi. Alininyanyulia moja kwa karia, gurudumu la nyuma likawa hewani, akaisukuma kwa gurudumu la mbele mpaka ng'ambo ya barabara. "Umeona, mdogo wangu? Hii inamzuia anayetaka kupanda. Anayetaka kuchukua haimzuii."

Na hapo ndipo wakati ulipobadilisha mambo. Zamani mwizi wa baiskeli alilazimika kuipanda ili afike nayo mbali, kwa hiyo kukaba gurudumu kulitosha. Zilipoenea bodaboda, bajaji na toyo za kubebea mizigo, hakuhitaji tena kuipanda. Anaipakia, na ndani ya dakika chache iko kata nyingine. Kufuli ikabidi iifunge baiskeli na kitu kisichong'oka: nguzo iliyozama ardhini, nondo za dirisha, mti mnene. Bango la dukani halifai, wala kijiti kilichochimbiwa jana. Mnyororo upite kwenye fremu na gurudumu la nyuma kwa pamoja, kwa kuwa gurudumu la mbele peke yake linafunguliwa kwa dakika moja na unaachiwa hilo hilo ulilolifunga. Mzee alinikatia mnyororo mnene dukani, akauvisha tyubu kuukuu usichubue rangi. Kiti kilichokuwa cha klipu akakitia bolti. Kisha akachukua gololi ndogo, akaigonga ndani ya tundu la bolti la kuingizia alenki, akaifunga na tone la gundi. Anayetaka kiti kile aje kwanza kuichokonoa gololi, na kibaka hana muda huo.

Yeye pia ndiye aliyekuwa daftari la mtaa. Baiskeli aliyoichomelea aliijua kwa mkono wake, hata ikipakwa rangi upya. Siku moja kijana alimletea moja ikazwe breki, na Mzee akaona kwenye bomba la chini mchomeleo wake mwenyewe. Hakupiga kelele za mwizi, maana alijua kelele zile mara nyingi humalizikia kwenye tairi na kiberiti. Alisema spea haipo, njoo kesho, iache hapa. Yule kijana hakurudi. Mwenyewe, mama muuza vitumbua, akaja kuichukua na mjumbe wake. Namheshimu Mzee kwa jambo lile kuliko kwa ufundi wake wote.

Alipofariki, hakuna aliyerithi kumbukumbu ile. Sasa inabidi kila mtu ajiwekee. Namba ya fremu mara nyingi huchongwa chini, pale inapopita ekseli ya pedeli. Ufute grisi, uipige picha pamoja na baiskeli nzima. Ukinunua ya mtumba mkononi mwa mtu, andikishianeni mbele ya mjumbe na mpige muhuri wa serikali ya mtaa. Ikiibiwa, nenda kituoni ukiwa na namba hiyo ili iingie kwenye RB, kumbukumbu ya polisi ya tukio. Askari hawezi kutafuta "baiskeli nyekundu ya gia".

Njia zenyewe nazo zilibadilika, na hili linaniuma zaidi. Mikocheni niliyoikuta ilikuwa na uzio wa michongoma na minyaa, unaona ua wa mtu na mtu anakuona. Polepole kuta za tofali zikapanda, juu yake vipande vya chupa, halafu nyaya za umeme. Mwenye nyumba akawa salama ndani, na sisi wa nje tukabaki kwenye korido ndefu isiyo na dirisha. Wakati huo huo mama ntilie na muuza magazeti wakawa wanaondolewa kwenye kona kila ulipokuja msimu wa usafi. Waliowaondoa walidhani wanaisafisha njia. Walikuwa wanaondoa walinzi wasiolipwa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaowasema bodaboda kwa jumla. Wapo wanaopora simu, nimewaona. Lakini kijiwe chenye mwenyekiti, daftari na vizibao vyenye namba, kikikaa kona ile ile kila usiku, kimerudisha kilichoondoka na mama ntilie. Napita ninaposalimiwa.

Nimejifunza pia saa za ukimya. Dar jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na giza halingoji; ukitoka kazini saa kumi na moja bado una mwanga. Mwezi wa Ramadhani, adhana ya magharibi ikishalia, mitaa hubaki mitupu kwa muda wa futari, na njia iliyojaa watu nusu saa nyuma haina hata mmoja. Ngoja kidogo, futuru na wenzako kazini, utoke watu wanapokwenda tarawehe. Usiku wa Simba na Yanga ni vivyo hivyo: wote wako kwenye vibanda umiza mpaka kipenga cha mwisho.

Mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016, pembeni mwa Barabara ya Morogoro zilikuwa zimeshajengwa njia za waendao kwa miguu na baiskeli, zenye taa, na mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Kwa anayetoka Kimara zilikuwa nafuu kubwa, ingawa pikipiki na meza za biashara zilizivamia mapema. Sisi wa njia za ndani hazikutufikia. Na kote kuwili swali la mwisho wa safari halikujibiwa: ukifika, baiskeli unaiweka wapi? Ofisi moja niliyokuwa nikipeleka kazi ilikuwa na uwanja wa magari ishirini na mlinzi aliyeamriwa baiskeli isiingie getini. Niliifunga nje kwenye mwembe, na kwenye mwembe ule ndipo ya mwenzangu ilipokatiwa mnyororo mchana kweupe. Nionavyo, baiskeli nyingi haziibwi njiani. Huibwa mbele ya geti lililozikataa.

Septemba 2022, vijana wenye mapanga walioitwa Panya Road walipovamia watu maeneo kadhaa ya jiji, wenzangu wengi waliacha baiskeli wakarudi kwenye daladala. Tuliobaki tukaanza kwenda pamoja: mimi, muuguzi wa zamu za usiku, mafundi wawili wa kuchomelea na binti anayesoma ufundi cherehani. Tunapigiana simu kabla ya kutoka, simu inakaa mfukoni mpaka tufike, na akipasukiwa mmoja wote tunasimama. Kiwandani kwetu tulimwomba bosi kipande cha ukuta karibu na kibanda cha mlinzi. Tukachomelea bomba refu, tukalizika kwenye zege, na sasa tunafunga wote hapo.

Kimebaki kipande kimoja kibaya, kati ya kuta mbili ndefu kabla ya kutokea barabara ya lami. Tumeandika barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuomba taa mbili, na wenye nyumba wa pande zote wamekubali kutoa umeme. Mpaka zifungwe, muuguzi akitoka zamu ya usiku mmoja wetu anamfuata.