Majina ya Sauti

Kwetu Ukambani jina la mtu aghalabu hubeba habari. Mtoto aliyezaliwa usiku huitwa Mutuku. Aliyezaliwa asubuhi, Kioko. Na aliyezaliwa wakati wa mvua, Wambua. Mimi, mpiga gita wa Mbooni, nimeifuata hekima hiyo katika kuzipa majina sauti nilizoziweka akiba katika kisanduku changu.

Kisanduku hiki ni chombo cha kidijitali kinachoiga amplifaya. Zamani, mtu aliyetaka sauti ya Vox AC30 au Fender Twin Reverb hakuwa na budi kubeba mzigo wa karibu kilo 30. Sasa kompyuta ndogo huiga sauti hizo kwa hesabu, na huzihifadhi kwa makumi, hata mamia. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari. Sauti isiyopatikana kwa wakati wake ni sawa na sauti isiyokuwapo.

Benga, muziki ambao Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers waliuvumisha miaka ya 1970, haumngoji mtu. Mwimbaji akinyamaza, gita la kwanza sharti lijibu papo hapo. Mpigaji akiinama gizani kutafuta sauti, mwendo huvunjika, na watu waliokuja kuifurahia arusi husimama wakitazamana.

Kwa sababu hiyo nashika kanuni tatu. Kwanza, sauti hupewa jina la kazi yake, si la mashine iliyoigwa wala la sifa. “Twin Tamu” halimwelekezi mtu. “Jibu” na “Solo” humwelekeza. Pili, jina hutanguliwa na tarakimu mbili: 01, 02, hata 10. Kompyuta inayopanga majina kwa kufuata herufi huweza kuitanguliza 10 mbele ya 2, lakini haiitangulizi mbele ya 02. Tatu, jina hutaja mahali. Sikio la binadamu husikia besi kwa udhaifu muziki ukiwa mdogo. Kwa hiyo sauti iliyopendeza chumbani huweza kunguruma kupita kiasi uwanjani. Ninayo “01 Jibu Ndani” na “05 Jibu Nje”, kila moja katika kundi lake la sauti nne, na zote mbili huitwa kwa swichi ileile, ili mguu usihitaji kuuliza.

Jina zuri hupimwa kwa mtu mwingine. Nikiugua, kijana atakayeshika gita langu aweze kusoma na kupiga bila kunitafuta. Mambo tunayoyaelewa peke yetu huondoka pamoja nasi.

Wahenga walisema kwamba jina jema hung'ara gizani. Walinena juu ya heshima ya mtu, lakini mpiga gita aliye jukwaani usiku, macho yake yakiwa juu ya kioo kidogo miguuni, ana sababu ya kuwaamini neno kwa neno. Nawe, msomaji, uwekapo kitu chochote akiba, kipe jina litakalomfaa yule atakayekihitaji kwa haraka.