Makopa ya Darini

Neno akiba asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni mwisho wa jambo, matokeo yake. Mama yangu, Mpemba asiyesoma Kiarabu zaidi ya kile cha chuoni, aliiishi maana hiyo. Mihogo aliimenya, akaipasua, akaianika siku nyingi hata ikavunjika kwa mlio mkavu. Hayo ndiyo makopa. Kisha yalipanda darini, juu ya meko, yakafukizwa moshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele wa melini ulipoadimika visiwani, nyumba yetu, naambiwa, iliishi kwa bada.

Adui wa akiba ni unyevu, hasa kwetu sisi tuliozungukwa na bahari. Huzaa ukungu, na ukungu mwingine hutoa aflatoksini, sumu isiyoishia jikoni hata ukipika vipi. Kwa mahindi kuna jaribio jepesi: tia punje katika chupa kavu pamoja na chumvi iliyokaushwa, utikise, chumvi ikinata chupani, yarudishe juani. Yaliyokauka yafungiwe katika chombo kisichopitisha hewa, wadudu wakose pumzi. Dumuzi, mgeni wa miaka ya 1970 kutoka Amerika, hayabagui mahindi na makopa.

Mchele mwingi tuulao hadi leo huja kwa meli, nasi makopa twayaonea haya, kana kwamba njaa ilikuwa aibu yetu.

Binti yangu ameanika ya kwanza juu ya bati. Nimemwambia ayaingize kabla ya vuli. Ngazi ya dari imeoza, tutatumia pipa.