Gare ndogo iliyobaki na jina



Katika somo la Kiingereza mwalimu alitusomea shairi fupi la Edward Thomas juu ya gare moja ya mashamba kule Uingereza, jina lake Adlestrop. Mwanzo tulicheka. Gare tupu namna ile, kuna nini ya kuandikia shairi? Lakini alipotueleza historia yake, tukanyamaza.

Gare ile ilifunguliwa mwaka 1853, kwenye reli ya Oxford na Worcester. Tarehe 24 Juni 1914 gari la moshi lilisimama pale kidogo, Thomas akiwa ndani, akaona jina kwenye kibao. Kisha vita vikaja. Yeye mwenyewe akauawa kule Arras, Ufaransa, Aprili 1917.

Mwaka 1963 Bwana Beeching, mkubwa wa reli za Uingereza, alitoa hesabu yake: gare 2,363 zifungwe, kwa sababu abiria ni wachache na hasara ni nyingi. Adlestrop nayo ilifungwa Januari 1966. Magari yanapita hata leo, lakini hayasimami. Majengo yalibomolewa. Wanakijiji njo waliokota kile kibao na benchi, wakaviweka katika kibanda cha kungojea basi.

Sisi kapita, kila asubuhi tunaita majina ya darasa la sita. Mwaka wa kwanza tulikuwa 43. Leo tuko 11. Wengine walikosa pesa ya masomo, wengine waliolewa, wengine walienda kuchimba. Mzee mmoja alituambia: «Batoto kumi na moja tu? Mufunge ile darasa!» Tulikasirika, lakini hesabu yake haikuwa ya uongo.

Basi, tulitafuta ubao, tukaandika majina yote 43, tukautundika nyuma ya darasa. Siku ya soko mwenzetu mmoja, aliyeacha masomo katika mwaka wa tatu, alipita na gunia lake la makala. Tukamwingiza. Alisoma polepole mpaka akakuta jina lake, akaligusa na kidole, akasema: «Kumbe niko hapa.»

Ninyi ndugu zetu wa mwaka wa tano, tutakapokwisha kwenda, tafazali musitoe ule ubao.