Simama Kabla Hujapaa



Sisi wa Embakasi na Utawala tumezoea mngurumo wa ndege juu ya mabati. Mgeni hushtuka, sisi tunaendelea na chai. Lakini alfajiri ya tarehe 2 Julai 2014, ndege ya mizigo aina ya Fokker 50, iliyobeba miraa ya Mogadishu, iliruka kutoka JKIA ikashindwa kupanda. Iligonga jengo la biashara hapa kwetu Embakasi. Wote wanne waliokuwa ndani walikufa.

Wachunguzi walisema ndege ilirushwa ikiwa na hitilafu iliyojulikana, na kwamba marubani hawakusitisha safari hata baada ya maonyo 27.

Nataka tujifunze neno moja la marubani: V1. Ni spidi inayopigiwa hesabu kabla ndege haijaondoka. Injini ikileta shida kabla ya V1, rubani anakata nguvu na kufunga breki, na njia iliyobaki inamtosha kusimama. Akishaipita, haimtoshi tena. Ni lazima apae na injini iliyobaki.

Wiki hii binti mmoja alinijia, na ameniruhusu niseme bila jina. Harusi ni Desemba, kadi zimechapishwa, kamati imechanga. Yule kijana amempiga mara mbili. Akaniuliza, "Pasta, watu watasema nini?"

Nikamwambia, mwanangu, magurudumu yako bado yako chini. Kusimama sasa ni aibu ya wiki chache. Kadi ni karatasi. Michango itarudishwa. Funga breki.

Na wewe uliyekwisha kupaa, injini ikazima hewani? Umefutwa kazi, umefiwa, biashara imeanguka? Rubani aliyefunzwa vizuri harukii swichi. Kwanza anaishika ndege isiyumbe, anakunja magurudumu, anapanda kwa spidi salama mpaka avuke majengo yaliyo mbele. Akipata urefu, yeye na mwenzake wanahakikisha ni injini ipi imekufa kabla ya kuizima, maana kuna waliozima ile nzima. Usiuze shamba wala kuvunja nyumba wiki ile ile ya msiba. Shika usukani, omba, ita mwenzako mhakikishe pamoja.

Hapa Nairobi tuko karibu mita 1,600 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, injini hutoa nguvu kidogo, na mzigo uliozidi hausamehewi. Punguza mzigo.

Tena, ndege iliyopoteza injini haing'ang'anii kufika Mogadishu. Inatafuta mahali pa kutua. Dada unayepigwa ndani ya ndoa, usiseme V1 imeshapita. Njoo utue. Mlango wa kanisa uko wazi, na wa polisi pia.

Soma Mithali 29:1 leo, halafu jiulize: ni onyo la ngapi hili?

Baba, tupe masikio ya kusikia na ujasiri wa kusimama. Amina.