Mjomba Anataka Samaki Jumamosi

Msomaji wangu, hakuna kitu kinachonichosha katika dunia hii kama mtu mwenye kiherehere na mali ambayo si yake. Na kama mtu huyo ni mjomba wako, na mali yenyewe ni bwawa la samaki la mama yako, basi kazi unayo. Wiki hii naomba yale ya wapenzi na simu zao tuyaweke pembeni, tuongee habari za maji.

Kwetu ni Njombe, upande wa baridi hasa, ingawa mimi najishikiza Makambako na kibanda changu cha kutuma na kutoa fedha kwa simu, karibu na njia panda ya kwenda Songea. Tangu nimalize fomu foo maisha ndiyo hayo, mchana namba za watu, usiku kalamu. Mwaka jana Mama aliamua kugeuza kinyungu chake kimoja kule bondeni kiwe bwawa. Aliuza nguruwe wawili, na ndio hao tu aliokuwa nao. Baba hatunaye, kwa hiyo usitegemee kwamba mambo yakiharibika kuna mtu atatoa nguruwe wengine. Vijana wakachimba shimo la mita 10 kwa 15, chokaa ya kilimo ikamwagwa chini kwa sababu udongo wetu ni mchachu, halafu maji yakavutwa kutoka kijito cha juu. Katikati ya Novemba bwawa likajaa, jeupe kama kioo. Balaa likaanzia hapo.

Maana maji meupe yanadanganya, jamani. Mtu akiona mpaka chini anasema haya ndiyo maji safi, tia samaki! Mimi nilimfuata bwana samaki ofisini kwake na daftari langu kama mwanafunzi, akaniambia maji ya namna ile ni njaa tupu. Ndani yake hakuna cha kula. Inabidi utie samadi kidogo kidogo pembeni, usubiri vijimea vidogo sana viamke na maji yageuke kijani. Kipimo chake hakitaki mashine. Unachutama ukingoni, unazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Kama kiganja unakiona vizuri, bado. Kikipotea pale mkono ulipofika kiwiko, maji yameiva. Kikipotea kabla hata hujafika katikati, umezidisha samadi, na hapo ujue alfajiri utawakuta samaki wako juu ya maji wanatweta, kwa sababu usiku vile vijimea navyo vinavuta hewa hiyo hiyo.

Na usidhani ni ushamba wa kwetu. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanaofuga samaki wa baharini ndani ya matangi ya kioo sebuleni, wale wa rangi rangi, nao wanangoja. Tangi likishajazwa maji ya chumvi hukaa wiki nne mpaka sita, wakati mwingine zaidi, na samaki hajatia pua. Sababu ni kwamba samaki anatoa amonia, nyingine kwenye matamvua yake, na amonia inamuua yeye mwenyewe. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali huo. Bakteria hao hawauzwi kwa kilo, inabidi wazaliane taratibu kwenye mawe na mchanga. Na hata wakishakuwepo, mtu anaanza na samaki mmoja au wawili, anangoja wiki kadhaa, ndipo anaongeza. Ukitia ishirini kwa mpigo, bakteria wanazidiwa kazi. Kwenye bwawa tope na vijimea vinasaidia kazi hiyo, lakini shauri ni lile lile.

Sasa Mjomba. Dada yangu alikuwa anakuja kuposwa Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Jumatatu yake simu ikalia kibandani, wateja wamejaa.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Hao samaki wawemo bwawani kabla ya Jumamosi."

Nikamweleza habari ya kiganja na kiwiko. Akacheka kicheko kile cha watu waliokuona ukiwa huna nguo. Akasema wageni wanatoka mbali, hawawezi kuja kuonyeshwa dimbwi la vyura, watatuona wababaishaji. Kwamba kuna mtu ng'ambo ya bonde ana vifaranga vya perege, vichukuliwe 300 haraka, vimwagwe, watu waone maji yanachezacheza. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba mtu huyo huyo wa ng'ambo alimwaga vyake bwawani siku ya pili baada ya kujaza maji, na haikupita wiki vikaelea matumbo juu. Mjomba akakata simu.

Alhamisi nikafunga kibanda, nikapanda Kosta. Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60 hivi, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuta Mama amekaa jikoni, hana raha. Akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelipangia jibu: "Mwanangu, huyu ndiye atakayesimama kwa ajili ya dada yako. Nimkatalie vipi?" Nikanyamaza. Kwa kweli kwenye hilo fomu foo haisaidii.

Akainuka, akashuka bondeni, nami nyuma yake. Akakunja mkono wa sweta, akachutama, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Kiganja kilionekana vizuri mno, hata kile kidole chake kilichokatwa na mundu zamani. Akakitazama kwa muda. Akasema, "Bado," akajifuta kwenye kitenge. Mjomba alipoambiwa alinuna hadi Ijumaa usiku.

Jumamosi yenyewe, bwana wee, mvua ilishika saa tatu asubuhi na haikukatika mpaka jioni. Wageni walikula, wakanywa ulanzi, posa ikapokelewa. Hakuna hata mmoja aliyetia mguu bondeni.

Maji yaliiva wiki mbili baadaye. Vifaranga niliviagiza kutoka kituo cha Kingolwira, Morogoro, 100 tu kwanza, japo bwawa lile kwa samaki wawili kila mita ya mraba linachukua 300. Nilivipokea stendi ya Makambako saa moja jioni, vimo kwenye mfuko wa nailoni uliojazwa oksijeni. Vilikuwa vimenyimwa chakula kabla ya safari ili visichafue maji yao wenyewe. Tulipofika, Mjomba alishatangulia ukingoni na tochi.

"Mwaga basi!"

Sikumwaga. Mfuko ukaelea bwawani nusu saa, maana Morogoro ni joto na kwetu unakujua. Halafu nikaufungua, nikawa naongeza maji ya bwawa kikombe kwa kikombe, mpaka vyenyewe vikaanza kutoka kimoja kimoja kuingia gizani. Mjomba alishika tochi mpaka mwisho, hakusema neno.

Asubuhi tulikuta vinne vimekufa. Baada ya hapo kimya, siku tisa hatujaona hata mkia, na Mama akaanza kunipigia kila jioni. Siku ya kumi alirusha pumba, maji yakatikisika sehemu tatu. Alihesabu midomo kumi na moja kabla mawimbi hayajamchanganya.

Kwa baridi yetu perege hawakui kama wa Morogoro, wanaweza kuchukua mwaka mzima kufikia sahani. Wale 200 waliobaki bado sijaagiza. Mama hana haraka, ila juzi kanipigia simu anacheka: Mjomba ameshaanza kupokea fedha za watu kwa samaki wa Krismasi.