Kutoka Kongwa hadi Ruvuma: Majirani wa Vita vya Msumbiji

Anayetaka kujua vita vya uhuru wa Msumbiji vilibebwa na nani asianzie Maputo. Aanzie Mbande, pale barabara ya Dodoma na Morogoro inapoachana na ile ya kwenda Kongwa. Mimi nilianzia hapo, nikashuka kusini mpaka Mtambaswala, ukingoni mwa Mto Ruvuma. Njia nzima nilikuwa na swali moja: wanavijiji waliokaa jirani na wapiganaji walitoa nini?

Kongwa ni nchi kavu. Ni mibuyu, vumbi, ng'ombe wa Wagogo, ranchi ya taifa, na upande wa barabara kuu ni magunia ya mahindi ya soko la Kibaigwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta hapa kulima karanga, maana baada ya Vita Kuu ya Pili kwao mafuta ya kula yalikuwa adimu. Walichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mvua za Ugogo ziliwaangusha, na udongo ukikauka ulikuwa mgumu kiasi cha kuvunja majembe ya chuma. Mwaka 1951 waliacha, wakiwa wameshateketeza zaidi ya paundi milioni 35. Yaliyobaki ni majengo matupu, barabara, na ardhi iliyokwisha kufyekwa ambayo haikuwa na mwenyewe wa kuilima.

Mabaki hayo ndiyo yaliyokuja kuwa kambi. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilikuwa imeundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake huko huko. Vijana wa kwanza waliporudi kutoka mafunzo ya kijeshi Algeria, walihitaji mahali pa kukaa mbali na macho ya watu. Wakapelekwa Kongwa. Kisha wakaja ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola, kila chama na upande wake wa kambi. Katika wilaya moja ya wafugaji kukawa na vijana kutoka karibu nusu ya Kusini mwa Afrika.

Wagogo hawakuulizwa. Sijasikia popote kwamba ulifanyika mkutano wa kijiji wa kuwaomba ridhaa. Hata hivyo walipokea, na jinsi walivyopokea ndilo jambo nililotaka kulijua. Nilimkuta bibi mmoja amekaa kivulini nje ya nyumba yake, anachambua mlenda. Nikamwamkia kwa mbukwa niliyofundishwa garini, akacheka, akaniitikia, kisha akahamia Kiswahili. "Walikuwa vijana, mwanangu," alisema. "Walikuwa wanapenda maziwa. Tukawauzia, na asiyekuwa na hela tukampa." Nikamuuliza kama waliwaogopa. Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Mtoto wa mtu akiwa mbali na mama yake unamwogopea nini?"

Maziwa, nyama ya mnadani, ngoma za jioni, na ndoa pia. Wapo watu wazima Kongwa leo ambao baba zao walikuwa wapiganaji wa nchi za mbali. Baadhi walirudiwa na baba zao, wengine hawakurudiwa. Na yapo makaburi. Wanaolala pale walikufa kabla ya kufika vitani, wengi wao wakiwa wamesubiri kwa miaka. Kutoka Kongwa hadi Afrika Kusini au Namibia ni nchi kadhaa za kuvuka, na nyingine kati yake zilikuwa mikononi mwa adui. Kongwa ilikuwa mahali pa kungoja, na mwenye kungoja sana humzoea jirani.

Kusini ni habari nyingine kabisa.

Ukifika stendi ya Masasi, akina mama wanakufuata dirishani na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini myembamba yenye ladha iliyo kati ya muhogo na kiazi. Watu wa Kusini huichimba msituni, na chakula kikipungua nyumbani ndiyo huwafikisha mwisho wa msimu. Nilinunua fungu nikala mpaka Nachingwea. Mji huu nao ni mtoto wa karanga. Waingereza waliujengea reli kutoka bandari mpya ya Mtwara, na reli hiyo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa mzigo. Mashamba yao yalipewa namba, na mpaka leo kuna mahali panaitwa Farm 17. Leo ni shule, lakini hapo ndipo FRELIMO ilipoweka kambi yake kubwa baada ya Kongwa. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, aliijenga kambi hii na kufundisha jeshi humo. Mwaka 1967 wasichana wa Msumbiji walifika hapo kujifunza silaha, na kutoka kwao kikazaliwa kikosi cha wanawake. Josina Muthemba alikuwa mmoja wao. Mei 1969 yeye na Samora walioana Tunduru. Tarehe 7 Aprili 1971 alifariki Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 25, akazikwa Kinondoni.

Tofauti ya Nachingwea na Kongwa ni kwamba huku mgeni hakuwa mgeni. Wamakonde, Wamakua na Wayao wako pande zote mbili za Ruvuma. Kwa miaka mingi kabla ya vita, Wamakonde wa Msumbiji, ambao huku waliitwa Wamawia, walivuka kuja kukata mkonge katika mashamba ya Lindi mpaka Tanga, wakikimbia kazi za lazima na kodi za Mreno. Katika vyama vyao vya kusaidiana ndimo siasa ilipoanzia. Juni 1960 Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliokuwa wamekaa Tanganyika, walivuka kwenda Mueda kumwambia gavana wa Kireno kwamba watu wanataka uhuru. Tarehe 16 askari waliufyatulia risasi umati. FRELIMO imesema daima kwamba waliouawa walizidi 500, ingawa wanahistoria wanabishana juu ya hesabu hiyo. Habari ikavuka mto siku zilizofuata kwa miguu ya ndugu zao. Risasi za kwanza za vita zilipolia Chai, katika mkoa wa Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, tarehe 25 Septemba 1964, kusini mwa Tanzania kulikuwa na watu waliokuwa wanazingojea.

Walitoa vingi. Wakimbizi walipomiminika walipewa ardhi Rutamba kule Lindi, na Muhukuru upande wa Songea, katika mikoa iliyokuwa miongoni mwa maskini kupita yote nchini. Mtwara kukawa na hospitali ya FRELIMO, iliyopewa jina la daktari Américo Boavida wa Angola, ambako majeruhi waliletwa kutoka ng'ambo. Silaha zilishuka kwa malori mpaka karibu na mto, kisha zikavushwa kwa mitumbwi na kubebwa kichwani, na waliobeba wengi walikuwa wanawake. Waliporudi hawakurudi mikono mitupu: maeneo yaliyokombolewa yalileta korosho, ufuta na karanga kuuzwa Tanzania, na kwa fedha hizo zikanunuliwa chumvi, nguo na majembe.

Nisiipambe hadithi hii. Biashara hiyo ya kuvuka mto ndiyo iliyokaribia kuivunja FRELIMO. Lázaro Kavandame, mkubwa wa chama katika Cabo Delgado, alituhumiwa kuigeuza mali yake na ya wenzake, watu wakabaki wanauziwa chumvi kwa bei ya kulangua. Alipotakiwa kutoa hesabu alikataa. Desemba 1968 kamanda Paulo Kankhomba alichomwa kisu na kuuawa alipokuwa anavuka kuingia Msumbiji, na lawama zikawaangukia watu wa Kavandame. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, alifungua kifurushi cha kitabu Dar es Salaam, kikalipuka na kumuua. Kabla ya katikati ya mwaka Kavandame alikuwa amejisalimisha kwa Mreno. Undugu wa kuvuka mto ulilisha vita, na ulibeba pia ugomvi wake. Wenyeji walilazimika kuishi na vyote viwili.

Na walilipa. Ndege za Kireno na mabomu ya kutegwa ardhini viliwafikia wakulima wa Tanzania kando ya Ruvuma, watu ambao hawakuwahi kushika bunduki. Sehemu ya sababu ya kuwakusanya wanavijiji wa mpakani katika vijiji vya ujamaa mapema miaka ya 1970 ilikuwa ulinzi, na mgambo walikesha kwa zamu. Nje kidogo ya mji wa Mtwara kuna Naliendele, ambapo wengi hupajua kwa utafiti wa korosho. Hapo hapo yapo makaburi ya askari wa JWTZ waliokufa kwa ajili ya Msumbiji. Nilipita mstari kwa mstari nikisoma majina. Ni majina ya kila pembe ya nchi, na ya kila dini.

Safari yangu iliishia Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa Mei 2010 baada ya kuwa ahadi tangu enzi za Nyerere na Samora. Ng'ambo ni Negomano, na ukiendelea unafika uwanda wa juu wa Mueda. Sikuvuka. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado imo katika vita vingine, na Oktoba 2020 washambuliaji walivuka mto wakavamia Kitaya, kijiji cha Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Vijiji vile vile vya mpakani vimelipishwa tena, na safari hii bila hata ahadi ya uhuru mwishoni.

Nikiweka sehemu hizi mbili bega kwa bega, hukumu yangu ni hii: Kongwa ilikaribisha vita vya wenzake, na hilo ni jambo kubwa. Nachingwea, Newala na vijiji vya Ruvuma vilipigana vita hivyo kwa mikono mingine. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, ushindi ulikuwa wao pia, na vitabu havijawapa haki yao. Brigedia Hashim Mbita, aliyeiongoza Kamati ya Ukombozi kwa miaka mingi, alisimamia ukusanyaji wa historia ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika katika juzuu tisa, zilizozinduliwa 2014, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Ni kazi ya heshima. Lakini bibi aliyegawa maziwa Kongwa, na mama aliyepitisha usiku mzima akipikia watu asiowajua majina kando ya Ruvuma, bado habari zao ziko vichwani mwao tu.

Aliyekuwa na miaka 20 vita vilipoanza leo amepita 80. Walimu wa historia wa Kongwa, Nachingwea, Newala, Tandahimba na Nanyumbu, wapeni wanafunzi wenu kazi moja muhula huu: kila mmoja akae na babu au bibi yake, awashe simu, arekodi, kisha aandike jina la kijiji, mwaka, na aliyesema. Hakuna haja ya kusubiri bajeti wala mradi.