Betri Mbili za Lori la Jeshi

Kwetu ni Yakobi, Njombe, na mjomba wangu ana lori ambalo zamani lilikuwa la jeshi. Alilinunua mnadani, akalipaka rangi ya buluu, maana raia hana ruhusa ya kutembea na gari lenye rangi za jeshi, kisha akaanza kuchukua viazi mashambani na kuvipeleka Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu iendayo Zambia. Wazee wa kwetu hulicheka lori hilo. Husema kwamba mwaka 1978, wakati wa vita vya Kagera, malori ya raia yalichukuliwa kubeba askari, na sasa lori la askari limekuja kulipa deni kwa kubeba viazi.

Lori lenyewe lilikuwa na nguvu, ila lilikuwa bubu. Halikuwa na redio wala mahali pa kuchajia simu. Likizo ya Desemba, nilipokuwa nimemaliza kidato cha tatu, utingo wa mjomba alinijia na redio iliyotolewa katika taksi mbovu, akaniomba niifunge. Jina lake silitaji, kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Nitamwita Utingo tu. Yeye ndiye alalaye juu ya mzigo usiku wa baridi, na kwake redio haikuwa anasa.

Redio ilikuwa ya volti 12. Lori, kama ilivyo desturi ya magari mengi ya jeshi, lilikuwa la volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo: hasi ya betri ya kwanza imefungwa kwenye bodi ya gari, chanya yake imeunganishwa na hasi ya betri ya pili, na chanya ya betri ya pili ndiyo inayopeleka umeme kwenye gari zima. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani katika Fizikia. Nalisema hili si kwa kujisifu, bali kwa sababu ndilo lililoniponza. Nilitazama zile betri, nikaona kwamba katikati, pale zinapounganishwa, pana volti 12 kamili zinazongoja mtu mwenye akili. Basi nikafunga pale waya mmoja mwembamba mwekundu, nikauvuta mpaka kwenye redio. Redio ikaimba. Nikaongeza tundu la kuchajia simu na taa ndogo ya kupakilia mzigo usiku. Utingo alicheza mbele ya lori kama yuko harusini, na mjomba akanipa shilingi elfu tano.

Nilirudi shuleni nikiwa fundi.

Mwezi Aprili, katika likizo fupi, nilimsikia Utingo akimwambia mjomba, “Mzee, betri ya pili inakunywa maji kama ng’ombe. Juzi nimeijaza, leo imekauka tena.” Mjomba alimjibu kwamba maji ya betri si bure. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale nikila viazi, wala sikunyanyua kichwa.

Ikafika Juni. Asiyekijua kipupwe cha Njombe na aelewe kwamba tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na asubuhi ya Juni majani huwa meupe kwa umande wa baridi, vidole havifungi hata kifungo cha shati. Lori lilikuwa limepakiwa tangu jioni. Huko Makambako palikuwa na mnunuzi aliyengoja viazi ili avipakie katika gari lake la Dar es Salaam. Saa kumi na moja alfajiri mjomba alizungusha ufunguo. Injini ikaguna mara moja, ikanyamaza. Akazungusha tena, ikatoa sauti ya kijiti kinachovunjika, basi. Katika baridi oili huwa nzito na betri hupungukiwa nguvu, kwa hiyo hata betri nzima huona taabu. Hizi zetu hazikuwa nzima. Tulisukuma, watu kumi na wawili, lori la jeshi lenye mzigo! Halikwenda hata hatua tatu. Mnunuzi alingoja hadi saa nne, akanunua viazi vya mtu mwingine.

Fundi wa betri aliyeitwa alizifungua akapima maji yake. Betri ya pili ilikuwa kavu, sahani zake zimepinda. Ya kwanza ilikuwa na maji, lakini sahani zilikuwa na unga mweupe, nayo haikushika chaji tena. Akasema maneno mafupi: “Hii ilikosa maji.” Kazi ya kujaza maji ilikuwa ya nani? Ya Utingo. Betri mbili mpya zilimgharimu mjomba zaidi ya shilingi laki tano, bila kuhesabu faida ya viazi iliyopotea. Jioni ile Utingo alipewa mshahara wake wa nusu mwezi, akafunga nguo zake katika mfuko, akaniaga kwa mkono. Mjomba akaniomba nihamishie ule waya wa redio kwenye betri mpya, nami nikauhamisha.

Naomba msomaji aniamini kwamba siku ile nilikuwa sijui. Lakini kutojua kwangu kulikuwa kwa mtu asiyetaka kuuliza.

Mwezi Julai tulikuwa tukirudia mada ya umeme kwa ajili ya mtihani wa mwisho, na mwalimu wetu wa Fizikia akaleta betri mbili ndogo za volti 6, akazifunga mfululizo. Nikamwuliza, kama kwa udadisi tu, itakuwaje mtu akitoa umeme katikati. Hakunijibu. Aliniambia nifunge balbu kwenye betri ya kwanza peke yake, niiache iwake mchana kutwa. Jioni tukazichaji zote mbili kwa pamoja kwa volti 14, kisha akanipa mita. Nilitazamia kuona volti 7 na 7. Betri iliyowasha balbu ilikuwa na 6.3. Ile nyingine, ambayo haikufanya kazi yoyote, ilikuwa na 7.7, na ndani yake maji yalikuwa yakitoa mapovu.

Nilielewa palepale, nikahisi tumbo limenishika. Alteneta ya lori haizioni betri mbili. Inaona jumla yake tu. Yenyewe inatafuta volti 28 na kidogo, na ikizipata inaridhika. Kila siku redio, taa na simu zilikuwa zikinyonya betri ya kwanza tu. Tuseme ni ampea 3 kwa saa 6 za kupakia mzigo: hizo ni ampea-saa 18 kila siku. Mkondo wa kuchaji hupita katika betri zote mbili sawasawa, kwa kuwa njia ni moja, lakini iliyonyonywa inahitaji mwingi na isiyonyonywa haihitaji kitu. Ya kwanza ikibaki na volti 12.8, ya pili hulazimika kubeba 15.4, nayo huchemka na kukausha maji yake. Kwa hiyo ya kwanza ilikufa kwa njaa na ya pili ikafa kwa kushiba. Utingo alikuwa akijaza maji katika chungu ambacho mimi nilikuwa nimewasha moto chini yake.

Nilimweleza mwalimu yote. Hakunigombeza. Alinionyesha kwanza kwa nini jeshi linapenda volti 24. Mota ya kuwashia injini ikihitaji wati 4,000, kwa volti 12 itavuta ampea 333 hivi; kwa volti 24 itavuta nusu yake, na joto linalopotea katika nyaya zile zile hupungua hadi robo. Majeshi ya NATO yamekubaliana kutumia volti 24 katika magari yao, na jeshi la Uingereza lilikuwa na Land Rover za namna mbili, za kawaida za volti 12 na za volti 24 zilizotengenezwa kwa ajili ya kubeba redio za kijeshi. Redio hizo hupokea volti 24 bila taabu. Ya taksi haiwezi.

Nikapendekeza kizuizi cha omu 6 kwenye waya: ampea 2 mara omu 6 ni volti 12, na redio itabakiwa na 12 zake. Mwalimu akauliza, “Na ukipunguza sauti, redio ikavuta nusu ampea?” Nikapiga hesabu: kizuizi kitakula volti 3 tu, na redio itapata 21. Ingeungua siku hiyo hiyo. Tena wakati sauti iko juu, wati 24 zingepotea bure kwa kupasha moto kizuizi.

Kinachofaa ni kigeuzi cha volti, kasha dogo la bati linalouzwa madukani kwa ajili ya malori na mabasi makubwa, ambayo nayo mengi ni ya volti 24. Ndani yake mna swichi inayofunga na kufungua umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na koili inayoutuliza mpaka uwe volti 12. Huvuta umeme wake kwenye betri zote mbili kwa pamoja, hakuna inayoonewa. Kikitoa ampea 10 kwa volti 12, huvuta ampea 6 tu hivi kwa volti 24. Fyuzi ifungwe karibu na betri, si karibu na redio, kwa sababu waya ukichubuka njiani ndio utakaowaka.

Likizo fupi ya Septemba nilikwenda nyumbani. Nilimwambia mjomba usiku, tukiota moto, na sikumficha jambo. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Na yule kijana?” Hakuuliza habari za fedha hata kidogo. Kesho yake tulikata ule waya mwekundu, tukafunga kigeuzi, nikapima betri zote mbili mbele yake: 14.1 na 14.0.

Utingo tulimkuta Makambako, anafanya kazi katika lori la mbao. Mjomba alimwomba radhi mbele ya watu, nami nikamweleza kosa langu, maneno yakinikwama. Aliniangalia, akacheka kidogo, akasema kazi yake mpya ni nzuri na harudi. Sikujua kama amenisamehe. Kisha akanivuta upande wa betri wa lori lao, lori kubwa jipya lenye redio ikiimba, akafunua kifuniko.

“Betri moja ya hili nayo inakunywa maji,” akasema.

Katikati ya betri mbili palikuwa pamefungwa waya mwembamba, wa kijani. Nikamwomba spana.